Kimya Alipochachamaa

Kabla ya kuitwa Chachu, mwanamke huyu aliitwa Kimya, na jina hilo hakupewa kwa kuonewa. Kazini kwake, katika bekari kubwa iliyokuwa nyuma ya maegesho ya malori, mashine ya kukandia unga ilinguruma tangu asubuhi, na watu wakizungumza walipaza sauti mpaka mishipa ya shingo ikawasimama. Yeye hakupaza. Akitaka chumvi, alinyoosha kidole. Akichukizwa, alikaza midomo na kulishughulikia donge lililokuwa mbele yake. Wenzake walisema ukitaka kuzika siri, mwambie Kimya, utakuwa umeokoa gharama ya jembe.

Aliingia bekari akiwa na mimba ya mwanawe wa kwanza, na sasa mwana huyo alikuwa ameanza kunyoa ndevu. Miaka yote hiyo alisimama kwenye meza ileile ndefu ya mbao, akikata unga, akiuviringisha, akiupanga kwenye treya, na kuzisukuma treya kwa mchomaji, aliyekaa karibu na tanuri kama mtu aliyeoana nalo. Mchomaji huyo alikuwa mcheshi. Alipenda kusema kwamba yeye na Kimya walikuwa wanaelewana sana kwa sababu yeye alizungumza na Kimya hakumkatiza.

Nyumbani hali ilikuwa tofauti kidogo. Mumewe alikuwa fundi viatu, akifanyia kazi kibarazani, mdomo umejaa misumari midogo lakini haukosi nafasi ya maneno. Mama mkwe wake alikaa chumba cha nyuma. Zamani wawili hao, mke na mama mkwe, waliishi kama paka na panya. Miaka ikawalainisha, wakawa chanda na pete, na jioni walikaa pamoja ukumbini wakichambua mchele na kumsema fundi viatu naye akisikia.

Mambo yalianza siku mikate ilipopungua. Nani aliichukua, hakuna anayejua mpaka leo. Mwenye bekari, ambaye wafanyakazi walimwita Tajiri na kumwona kwa nadra kama mvua ya kiangazi, alimfokea meneja. Meneja naye alihitaji mtu wa kumfokea, na wafanyakazi walikuwepo. Asubuhi moja wakakuta mlango wa nyuma, ule waliozoea kuuacha wazi wapate hewa, umechomelewa tumbuu kwa nje, yale masikio ya chuma ya kushikia kufuli. Mlango wa mbele, wa kupakilia mikate, ulikuwa umekomewa zamani na ulifunguliwa lori lilipofika tu. Madirisha yalikuwa na nondo.

"Mkishaingia, mlinzi anafunga," meneja alisema. "Zamu ikiisha, anafungua. Mkate hauna miguu, kwa hiyo tutaona utatokaje."

"Na mtu akibanwa na haja?" mchomaji aliuliza.

"Agonge."

"Na haja yenyewe ikigonga kwanza?"

Watu walicheka, meneja hakucheka, na wakaingia. Kimya naye akaingia. Alisikia kufuli likilia nyuma yake, akakaza midomo, akashika unga.

Wiki haikupita. Mchana mmoja, tanuri likiwa limepamba moto, bomba la dizeli likapasuka pale lilipoungana na kichomeo. Mafuta yakaruka, moto ukapanda ukutani kwa pumzi moja, na moshi mweusi ukashuka kutoka darini hadi usawa wa macho. Watu wakaukimbilia mlango wa nyuma. Wakagonga kwa ngumi, wakagonga kwa treya, wakaita jina la mlinzi, wakaita na mama zao. Mlango haukufunguliwa. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mlinzi, na mlinzi alikuwa ametumwa na meneja kununua sigara.

Kimya alikuwa katikati ya lile rundo la watu, shavu lake limebanwa kwenye bati la mlango. Msichana wa kufunga mikate alikuwa amemng'ang'ania kiuno, akikohoa na kulia. Kimya alimfunika uso kwa aproni yake. Alijaribu kupiga kelele, lakini moshi ukaingia badala ya sauti kutoka. Aliyewaokoa alikuwa mchomaji. Alijizungushia gunia tupu la unga mkononi, akatambaa hadi kwenye koki ya mafuta, akaizungusha huku gunia likiwaka. Moto ukakosa chakula, ukanywea. Mlango ulipofunguliwa, hapakuwa tena na moto wa kukimbia, ulikuwepo moshi tu, na mtu mzima aliyekaa sakafuni akiutazama mkono wake kama si wake.

Mchomaji alipelekwa hospitali. Waliobaki walikusanywa uani, nyuso zimepakwa masizi na machozi.

"Ajali haina kinga," meneja aliwaambia. "Tumshukuru Mungu hakuna aliyekufa. Fundi anakuja kurekebisha bomba usiku huu. Kesho kazi kama kawaida. Na kufuli litabaki, maana wezi hawakuungua."

Kimya alilisikia neno la mwisho, likamkaa kooni pamoja na ule moshi.

Kesho yake alifika kama kawaida. Wenzake walikuwa wanaingia mmoja mmoja, na mlinzi amesimama pembeni, kufuli mkononi, akiwasubiri waishe. Kimya alipofika mlangoni alisimama. Akarudi hatua chache, akachukua kreti tupu la mikate, akaligeuza, akalikalia.

"Dada, ingia basi," mlinzi alimwambia. "Usinitafutie balaa."

"Siingii."

Mlinzi alitazama nyuma kuona nani kasema. Meneja aliitwa, akaja na kikombe cha chai mkononi.

"Umesema nini wewe?"

"Siingii. Ondoa kufuli, nitaingia. Ukiliacha, mimi nipo hapa hapa."

"Unaumwa?"

"Bado. Ndiyo maana siingii."

Ndani, mashine ilikuwa imezimwa kidogo, na watu walikuwa wamerundikana mlangoni wakisikiliza. Sauti yake haikuwa kali. Ilikuwa sauti ya mtu anayetaja bei na hana nia ya kupunguza. Meneja alimtazama, akatazama lile rundo, akamwamuru mlinzi afunge mlango. Kufuli likalia. Kimya alibaki uani peke yake na jua.

Alikaa siku nzima. Kivuli cha ukuta kilimfikia, kikampita, naye hakukifuata. Aliogopa, na sisemi hakuogopa. Alifikiri kuhusu mwanawe, kuhusu mumewe na viatu vyake, kuhusu mama mkwe na dawa zake za miguu. Lakini kila alipotaka kuinuka, shavu lake lilikumbuka lile bati la mlango.

Zamu ilipokwisha, meneja aliwasimamisha wafanyakazi wote mbele yake, akamnyooshea kidole.

"Mtazameni vizuri huyu. Huyu ndiye chachu. Chachu ya fujo! Kitu kidogo, kichungu, kinanuka, lakini ukikiacha ndani ya unga, unga wote unaharibika. Sasa kesho nisimwone mtu karibu naye. Na yeye mwenyewe, kesho aingie au aende zake."

Watu walitazama chini. Kimya alijifunga kanga yake vizuri, akaondoka. Njiani alitembea wima, lakini alipofika ukumbini kwake alijitupa mkekani, na machozi ambayo moshi haukuyamaliza yakatoka.

Mama mkwe alikuwa na ungo mapajani. "Kuna nini, mwanangu? Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, mama. Ameniita chachu. Mbele za watu wote. Ameniita chachu kama kitu kilichooza."

Kibarazani nyundo ikanyamaza. "Shukuru," mumewe alisema kwa mlango uliokuwa wazi. "Angekuita hamira, ningesema umetoka dukani."

"Wewe gonga viatu!" mama yake alimkemea. Kisha akauweka ungo chini, akamsogelea mkwewe. "Na wewe ulimjibu nini?"

"Sikumjibu kitu."

"Umefanya vizuri. Mtu akikupa kitu cha thamani bila kujua, usimshtue. Kaa vizuri, unisikilize. Nyinyi mmelelewa na hamira ya kopo. Hamira jina lake ni la Kiarabu, lilikuja likatukuta, tukalikaribisha, na mimi silisemi vibaya. Lakini siku nilipokuwa napika mikate ya kuuza kwenye tanuri langu la udongo, kopo lilikuwa halijaujua mlango wangu. Nilikuwa nakanda kwa chachu. Unajua niliitoa wapi?"

"Sijui, mama."

"Nilikuwa nabakiza donge la jana. Dogo tu, ngumi ya mtoto. Naliweka kwenye bakuli, nafunika kitambaa. Likilala pale linachacha. Linatoa harufu, mpaka marehemu baba mkwe wako anauliza nani kavua viatu humu ndani! Asubuhi nalichanganya na unga mpya, na unga wote unaamka. Kwa hiyo chachu ni nini? Ni kitu kilichochacha. Jina limetoka hapo hapo. Maziwa yakilala yanachacha. Mchuzi ukisahaulika unachacha. Ugomvi ukizidi, watu wanasema mambo yamechacha. Na mtu akisimama akakataa kurudi nyuma, wanasemaje?"

Kimya alifuta pua. "Wanasema amechachamaa."

"Ehe! Yasikilize. Chacha, chachu, chachamaa. Wasomi watakuwa na maelezo yao, mimi sikukaa darasani, ila masikio yangu yananiambia hao wamenyonya ziwa moja."

"Lakini mama, kuchacha ni kuharibika. Ndivyo alivyosema."

"Mchuzi ukichacha umeharibika. Unga ukichacha ndiyo kwanza umeanza kazi. Neno ni lilelile, sasa wewe angalia anayelisema anataka nini. Huyo meneja wako anataka unga ulale palepale alipoutupa. Mkate wa namna hiyo naujua. Nilipokuwa bibi harusi niliwahi kuupika, nikasahau chachu. Baba mkwe wako hakunigombeza. Aliuchukua mkate, akauweka chini ya mguu wa kitanda uliokuwa mfupi, na kitanda kikaacha kuyumba."

Kibarazani fundi viatu alicheka mpaka akatema msumari. Kimya naye alicheka, kwanza kwa pua, kisha kwa kifua chote, machozi bado hayajakauka.

"Kesho unakwenda?" mumewe aliuliza, sauti yake sasa haina mzaha.

"Nakwenda."

"Unaingia?"

"Siingii."

"Basi chukua kofia yangu. Jua la uani halina adabu."

Asubuhi alipofika, alikuta kreti lake lina mtu. Mchomaji alikuwa amelikalia, mkono umefungwa bendeji hadi kwenye kiwiko na kuning'inizwa shingoni kwa kitambaa.

"Kaka, si uko likizo ya ugonjwa?"

"Nipo likizo," mchomaji alijibu. "Na likizo yangu nimeamua kuja kuimalizia hapa. Nimesikia kuna chachu."

Akasogea, wakakaa wawili. Baadaye kidogo akaja msichana wa kufunga mikate, yule aliyefunikwa uso kwa aproni. Alivuta kreti, akakaa karibu na Kimya mpaka mabega yakagusana. Wawili wa meza ya kukatia waliokuwa wamefika mlangoni wakatazamana, wakageuka. Wengine walizunguka-zunguka, wakajifanya wanafunga kamba za viatu, wakaona mlango na kufuli mkononi mwa mlinzi, wakarudi. Makreti yalipokwisha, watu walikaa chini. Mlinzi alibaki ameshika kufuli lake lililokosa mtu wa kumfungia.

Sasa, zamu ya alfajiri ilikuwa imeshakanda unga na kuujaza katika mahodhi yote ya chuma, kama ilivyofanya kila siku, ikaondoka. Na unga ukishatiwa hamira hausubiri watu wamalize kikao. Meneja alipiga kelele, akatisha, akabembeleza, akampigia simu huyu na yule, na muda wote huo unga ulikuwa unapanda. Ulifika ukingoni mwa mahodhi, ukatuna kama tumbo la mla wali, ukaanza kumwagika taratibu sakafuni.

Meneja akamwita karani wa ofisini. Wakavua mashati, wakaingia na mlinzi kuushindilia. Wafanyakazi waliokuwa uani waliwaona dirishani, kati ya nondo. Karani alitumbukiza mikono, akashindwa kuitoa. Mlinzi alimvuta karani, na meneja akamvuta mlinzi. Walipoushusha unga wa hodhi moja, wa hodhi la pili ulikuwa umeshafika mlangoni. Mchomaji alikuwa anaeleza kila kitu kwa sauti, kama mtangazaji wa mpira, na watu walikuwa wameshika mbavu. Hata Kimya alishika zake. Hofu ya jana haikuwa imeisha, ila sasa ilikuwa imegawanywa kwa watu wengi, na fungu la kila mmoja lilikuwa linabebeka.

Karani ndiye aliyetoka kwanza, mweupe hadi kwenye viwiko. "Unga umetushinda," alisema, akaketi chini pamoja na waliogoma.

Lori la mikate likaja, dereva akakuta hakuna mkate, akampigia simu Tajiri. Tajiri akaja mwenyewe. Alikuwa mtu mfupi, nadhifu, wa maneno machache. Alichungulia ndani, akauona ule unga, akamwona meneja wake amefunikwa nao hadi kwenye nyusi, akafumba macho kidogo. Kisha akawageukia wale wa uani.

"Kiongozi wenu nani?"

Kimya kilitanda, kile kingine, kisicho na herufi kubwa. Mwanamke mrefu mwenye kofia ya kiume akainuka kutoka kwenye kreti.

"Hatuna kiongozi, mzee. Tuna mlango. Na mlango wenyewe umefungwa."

"Wewe ndiye chachu niliyoambiwa?"

"Ndiye mimi."

"Unataka nini?"

"Juzi tumekaa humu ndani na moto, ufunguo umekwenda kununua sigara. Huyu mkono wake umeona ulivyo. Na huyu mtoto wa watu alikuwa ananifia kiunoni. Mimi sitaki kitu kikubwa. Nataka nikikimbia, mlango ufunguke."

Tajiri alimtazama meneja. "Ulikuwa unawafungia kwa nje?"

"Mzee, wewe ulisema mikate..."

"Nilisema uzuie mikate. Sikusema uzuie watu."

Huenda alisema na huenda hakusema, hayo ni yao wawili. Alimwamuru mlinzi alete kufuli, akalitia katika mfuko wa koti lake. "Haya. Nimelichukua. Ingieni kazini."

Watu waliinuka, wengine wakapiga makofi. Kimya hakusogea.

"Na tumbuu," alisema.

"Nini?"

"Masikio ya kufuli. Kufuli ni rahisi, duka lipo pale. Masikio yakibaki, kesho litarudi jingine. Yakatwe."

"Mama, mimi nimekupa neno langu!"

"Nimelipokea, mzee, na ahsante. Lakini neno lako utaondoka nalo kwenye gari, na mlango tutabaki nao sisi."

Mchomaji aliguna kwa furaha. Tajiri akakunja uso, akautazama tena ule unga uliokuwa unaendelea na safari yake, akamtuma dereva wa lori kumtafuta mchomeleaji. Walikaa wakamsubiri, Tajiri mwenyewe amesimama juani, hakuna aliyemwachia kreti. Mchomeleaji alikuja na mashine yake, cheche zikaruka, na vipande viwili vya chuma vikaanguka kwenye saruji. Hapo ndipo Kimya alipoingia kazini. Mlangoni aliusukuma mlango, akauvuta, akausukuma tena, kama mtu anayepima kitambaa kipya. Kisha wote wakachukua makoleo na kuanza kuukwangua unga sakafuni.

Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita Kimya. Aliitwa Chachu, na meneja ndiye mtu pekee aliyelitamka jina hilo kwa uchungu. Wafanyakazi wapya walipouliza limetoka wapi, kila mmoja alikuwa na hadithi yake. Mmoja alisema ni kwa sababu ana maneno makali. Mwingine alisema alizaliwa karibu na tanuri. Msichana wa kufunga mikate alisema ni kwa sababu akikaa karibu nawe unajikuta umesimama. Yeye mwenyewe alipoulizwa alijibu, "Kamuulizeni mama mkwe wangu," na wachache walikwenda kweli, wakarudi wakicheka habari za mguu wa kitanda.

Meneja hakusahau. Hakuweza kumfukuza, maana karani mwenyewe alimwonya kwamba unga utamwagika tena. Akangoja kidogo, kisha akamwondoa mezani na kumpeleka kufagia uani, karibu na geti, kazi aliyodhani ni ya kumdhalilisha. Chachu alipokea fagio. Mumewe alimtengenezea viatu vya soli nene, na jioni ile akasema geti limepata mlinzi wa kweli.

Lakini getini ndipo watu wote walipopita. Asubuhi walipita kwake wakiingia, jioni walipita kwake wakitoka, na kila mmoja alisimama kidogo. Aliyekatwa na treya bila kupewa dawa alimweleza. Mama mjamzito aliyekuwa anabebeshwa magunia alimweleza. Madereva wa malori walimweleza, na wao wakapeleka habari kwenye bekari nyingine. Haikuchukua muda, wafanyakazi wakapeleka ombi la pamoja la glovu za tanuri na sanduku la dawa, wakapewa. Wakaomba mjamzito asibebe gunia, wakakataliwa, wakaomba tena makreti yakiwa yamepangwa uani, wakapewa.

Siku moja meneja alitoka ofisini akamkuta Chachu ameegemea fagio, amezungukwa na watu watano. Watu hawakutawanyika. Meneja alisimama akijikuna shingo.

"Wewe mama," alisema, "nimefikiri. Kazi hii ya jua si yako. Kesho rudi kwenye meza yako ya unga."

Chachu alimtazama, akatazama geti, akafagia majani mawili yaliyokuwa karibu na kiatu cha meneja.

"Ahsante, bwana meneja," alisema. "Hapa nimepazoea."